Pengo

Julai, Isyonje. Baridi imemwaga chumvi yake
juu ya majani ya viazi, juu ya boneti.
Nageuza ufunguo. Selfu inalia, inalia,
gari linakohoa mara mbili, linanyamaza.
Atupakisye ameshaketi upande wake,
kanga mbili na koti la marehemu baba yake,
haniulizi kitu.
Kimya hicho nakijua. Kina alama ya kuuliza.

Msimu uliopita nilisema: tukivuna.
Tulipovuna nilisema: bei ikipanda.
Bei ilipopanda nikanunua bati.
Nikatafuta kipande cha msasa,
nikazisugua plagi barazani kama mtu aoshaye meno ya bandia,
nikazirudisha, gari likawaka,
nikajiita fundi kwa siku tisa.

Siku ya kumi likaanza kumisi.
Kushuka halisemi kitu; kushuka hata jiwe hushuka.
Ni kurudi, mbolea ikiwa nyuma, tukiupanda mlima kutoka Uyole,
gia ya pili, halafu ya kwanza,
injini ya miguu minne ikienda kwa mitatu,
harufu ya petroli isiyoungua ikitufuata
kama deni.
Atupakisye huhesabu vikohozi kwa vidole, chini ya kanga.
Anadhani simwoni.

Leo vijana wa maziwa wametusukuma
hadi mteremko ukatupokea.
Uyole, gereji ya Sekela: mkaratusi mmoja,
meza ya chuma, redio isiyo na mgongo.
Binti wa miaka ishirini na minne, kucha nyeusi kwa oili.
Anazifungua moja moja, anazipanga juu ya gazeti
kwa foleni ileile ya silinda.
"Zisome, mwalimu."
Mimi, niliyefundisha kusoma miaka thelathini na miwili!

Ya kwanza kahawia, chai ya maziwa iliyokolea: nzima.
Ya pili nyeusi, masizi makavu ya jikoni.
Ya tatu nyeusi vilevile.
Ya nne imelowa oili. "Hiyo," anasema,
"tutaizungumza siku nyingine. Uje na hela na moyo mgumu."

Kisha ananionyesha ncha. Imelika.
Cheche baada ya cheche, chuma kimetoa kidogo, kidogo tena,
pengo likapanuka
hata ukucha wangu unapita.
"Moto unaruka hapa. Pengo likizidi, unasita.
Asubuhi ya baridi hauruki kabisa."
Nikaligusa kwa ulimi pengo langu la jino,
nikafunga mdomo.

"Sasa, nibadilishe lini?"
Nilitaka namba. Nimezoea namba.
Akachungulia dashibodi: kilomita ziliganda
kwenye laki mbili, tisini na sita elfu,
mwaka ule kitinda mimba wetu alipoanza darasa la kwanza.
Sasa naye analea.
"Hizi za kawaida, elfu ishirini. Thelathini, ukibahatika.
Ila gari lako halina kumbukumbu. Hesabu magunia.
Au muulize mama."

Atupakisye, dirishani, bila kugeuka:
"Tangu Pasaka."

Nimelipa. Plagi nne, za kwenye boksi lenye muhuri,
si zile za bei ya kachori.
Nimepiga pia hesabu ya petroli iliyopotea tangu Pasaka,
na sitaiandika hapa.

Jioni, mifuko minane ya mbolea. Mlima uleule.
Gia ya tatu.
Ukungu unateremka kutoka upande wa Rungwe,
taa zetu zinaukata kama kisu butu kinavyokata mkate.
Natega sikio kwenye ile kona mbaya: hakuna.
Ni mngurumo mmoja tu, mnene,
kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili.
Namgeukia nimwambie, nijisifu kidogo.

Amelala. Kichwa kiooni, mdomo wazi,
vidole vyote kumi vimefunguka mapajani.