Nukta ya Arobaini na Mbili

Miaka kumi na mmoja nimepima majani ya chai Kandete
na sikumjua mpimaji wa Mpombo.
Chama kimoja, daftari moja, deni moja la mbolea,
lakini yeye kwangu alikuwa jumla chini ya ukurasa,
na mimi kwake, nadhani, hivyo hivyo:
kilo, tarehe, sahihi iliyolowa.

Milima yetu haikuumbwa kwa ajili ya vikao.
Unauona moshi wa jiko la mwenzio ng'ambo ya bonde,
unajua hata anapochochea kuni,
ila kumfikia ni kushuka asubuhi na kupanda mchana.

Ndipo akaja Tupokigwe, binti wa Mwaisumo,
buti za mpira, kompyuta ndani ya mfuko wa mbolea,
maana mvua ya Rungwe hainyeshi, huhamia.
Akafunga kioo kidogo juu ya mizani.
"Vituo arobaini na moja," akasema.
"Ukiwasha, nukta yako inakuwa kijani, wote wanaiona.
Chini yake una nafasi ya maneno.
Herufi sitini pamoja na mapengo. Usihutubie."

Siku za mwanzo tuliandika
kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho:
Nipo.
Nipo.
Kituo kiko wazi.
Hadi Subilaga wa Mpombo alipoandika:
Nipo, ila chumvi imeniishia.
Dereva wa lori la majani alimpelekea saa saba,
imefungwa katika stakabadhi ya mwaka juzi.

Basi tukalegea.
Ng'ombe kazaa, jike.
Ukungu, sioni hata mizani yangu.
Mwanangu kafaulu, nalia peke yangu hapa.
Tulimjibu arobaini.

Mwezi wa nne, nukta ya kumi na saba haikuwaka.
Zamani tungejua mwisho wa mwezi,
kwa sifuri.
Safari hii saa mbili haijatimia
watu sita wameshauliza: Kumi na saba vipi?

Daraja. Mto ulilibeba usiku, na nguzo ya umeme juu yake.
Ambakisye alikuwa ng'ambo na magunia hamsini,
majani yakianza kupata joto tumboni.
Watu wa Lwangwa, wasiompenda
kwa ule mpaka wa shamba uliofika hadi baraza la kata,
walishuka na mianzi mabegani.
Sisemi walipatana.
Nasema majani yalivuka.

Meneja naye akaipenda mashine, kwa namna yake.
Akataka orodha ya wanaochelewa kuwaka,
wakatwe posho.
Tupokigwe hakupandisha sauti:
"Taa ya mlangoni ni ya kumwonyesha mgeni njia.
Mkiifanya ya askari, watu watalala gizani."

Tukadhani yamekwisha.
Lakini Tusekile wa Isange alikuwa bado amesimama,
mwavuli ukimchuruzika sakafuni,
akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu:
"Na ofisi kuu, mbona haina nukta?"

Nilisikia matone ya mwavuli. Nikayahesabu. Saba.

Sasa ziko arobaini na mbili.
Ya Tukuyu huwaka saa tatu na nusu,
sisi tumeshapima mzigo wa kwanza na kunywa uji.
Hatusemi kitu. Tunaiona tu.
Chini yake, miezi mitatu, palikuwa patupu,
kama ubao wa shule wakati wa likizo.

Leo pameandikwa,
na mtu ambaye bado hajazoea herufi sitini:

Nipo. Mke wangu amelazwa tangu Jumatatu. Samahanini kwa kuch

Sijaweka gunia chini,
Mpombo imeshauliza:
Wodi ipi?