Vumbi la Mninga

Saa nane usiku, Keko Machungwa,
Mwajabu ananiamsha kwa kiwiko:
"Msikilize mwanao."
Nikasikiliza. Filimbi nyembamba kifuani,
bawaba ya kabati iliyokosa mafuta.
Nikawasha tochi ya simu. Kila akivuta pumzi
ngozi kati ya mbavu inazama,
shimo la koo linazama,
pua zinapanuka kama za mtu aliyekimbia toka Mbagala.
Sudi ana miaka miwili. Hajakimbia popote.

Mama mwenye nyumba akatoka na kanga kichwani:
kimeo hicho, yuko bibi Tandika anakikata, dakika moja tu.
Mpangaji wa chumba cha uani: feni hiyo, mnamlaza mbele ya feni.
Mimi nikatafuta bajaji.

Temeke, Sista Ndimbo hakumgusa kwanza.
Alitazama saa yake, akatazama tumbo la mtoto,
midomo ikihesabu bila sauti.
Hamsini na sita.
Kisha maswali, taratibu, kama anayepigilia misumari:
Homa ilianza lini?
Amekula karanga? Amechezea shanga, kifungo?
Mnapikia ndani mvua ikinyesha?
Dawa ya mbu, ile ya kuwasha?
Ukuta una ukungu?
Nani kwenu ana pumu?

Mwajabu akajibu. Mkaa ndani, ndiyo, masika yote hii.
Ukungu, ndiyo, upande wa kitanda.
Pumu, dada yangu. Marehemu.
Kila ndiyo ilimshusha bega.

Halafu akanigeukia mimi.
"Na wewe baba, kazi yako?"
Fundi. Makabati, vitanda, meza za mninga.
Akatazama mikono ya shati langu,
unga wa hudhurungi kwenye mikunjo.
"Inawezekana," akasema,
akarudi kwenye faili lake.

Wakamvalisha kibarakoa cha mvuke.
Kulipokucha filimbi ilinyamaza,
Sudi akadai andazi.

Sasa tunapikia uani, chini ya bati nililopigilia mwenyewe.
Ukuta nimeupaka chokaa.
La marehemu hatuna la kulifanya.

Jioni narudi. Anasikia geti,
anakuja mbio mikono juu,
nami nanyoosha kiganja: simama hapo hapo.
Nakung'uta shati nje, naoga, nabadili.
Nikitoka, ameshaenda kwa mama yake.

Jana alinisubiri mlangoni mwa bafu.
Akapanda mapajani, akaninusa shingo,
akaninusa tena,
akauliza mbao ziko wapi.