Kikohozi cha Dakika ya Tatu

Nilikwenda kwa Ziemowit Jumamosi,
dukani kwake chini ya daraja la reli, Katowice,
na zloti mia mbili na kumi mfukoni,
na theluji iliyogoma kuyeyuka kolani.
Nikamwambia: nataka hedifoni, zile kubwa,
zinazofunika sikio zima kama mfuniko wa sufuria.
Za kutembea nazo. Za kwenye tramu.
Vile vidude vya kuchomeka sikioni nimevichoka,
vinadondoka kama meno ya mtoto.

Akanitazama juu ya miwani.
"Kubwa, nzuri, nyepesi, na za bei nafuu.
Mama, chagua tatu."

Za kwanza zilitoka studio ya redio iliyofungwa.
Sauti yake, nakiri, pana kama ukumbi mtupu.
Lakini simu yangu ilizivuta ikihema,
punda mmoja na mkokoteni wa mawe.
Omu mia mbili na hamsini, akasema Ziemowit,
hizi zinataka kikuza sauti,
na kikuza sauti kinataka umeme wa ukutani,
na ukuta haupandi tramu.
Waya wake mita tatu, umejisokota kama mkia wa nguruwe.
Nikauona tayari umenaswa mlangoni, kituo cha Chorzów,
nami nje naufuata mbio.

Za pili zilikuwa wazi mgongoni, wavu mtupu.
Hewa inaingia, muziki unatoka.
Tamu! Ila hazijui kutunza siri:
Ziemowit, hatua tano kutoka kwangu,
alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo wangu.
Mimi naoka mikate usiku. Narudi alfajiri
na watu wanaolala wamesimama.
Sina haki ya kuwaamsha kwa raha zangu.

Za tatu mpya, zinang'aa, zloti tisini tu.
Besi imejaa kama maji ndani ya buti.

Sasa niseme: nilikuwa na kipimo changu.
Ndani ya simu imo kwaya ya parokia yetu, Bytom,
nikiwa na miaka kumi na mmoja.
Dakika ya tatu, sauti nyembamba zikishashuka,
wote wanapovuta pumzi,
mtu anakohoa.
Ni mimi.
Mwalimu Hildegarda hakunisamehe hadi Pasaka.

Miaka mingi sijakisikia kikohozi hicho.
Vidude vidogo hukimeza.
Zile za besi zilikizika, na nusu ya kwaya juu yake.

"Kuna kapu," Ziemowit akasema, "la zilizorudishwa."
Akachomoa nyeusi, zilizofungwa mgongoni,
sifongo la kulia limeshonwa kwa uzi wa kijani,
na mshonaji, yeyote yule, hakuwa fundi.
Omu thelathini na mbili. Zinakunjika.
Waya unachomoka: ukinaswa, unakuacha salama.
Akazipima kwenye mizani ya barua,
gramu mia mbili na arobaini. Shingo yangu ikakubali.

Nikavaa. Zikabana miwani. Nikavua miwani.
Duka likawa ukungu, kwaya ikasogea karibu.
Besi ipo, imekaa kitako, haisukumani na mtu.
Sauti za juu kali kidogo, limau iliyozidi kwenye chai,
lakini chai nitainywa.
Dakika ya pili na nusu.
Nikashika ukingo wa meza.

Hapo.
Kidogo, kikavu, upande wa kushoto,
mstari wa pili, palepale niliposimama
na soksi zangu za sufu zinazowasha.

"Umeshikwa na mafua?" Ziemowit akauliza,
maana mkono wangu ulikuwa kooni.

Mia na sitini. Akapunguza kumi kwa ajili ya ule uzi.
Nikanunua na masifongo mapya, bado yamo kwenye pakiti yake.

Jumatatu, tramu ya kwanza, madirisha yana barafu kwa ndani.
Mwanamke mwenye fungu la vitunguu majani mapajani
aliniona nacheka peke yangu, akahamisha mkoba wake.
Sikumlaumu.
Nikarudisha nyuma sekunde kumi.