Kumi na Nane na Nusu

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari.
Ukurasa wa kwanza una doa la rangi ya mafuta,
na chini ya doa: Makopo 2, saruji nusu mfuko,
bomba la maji futi tano. Mteja: Kingwaba, kuli.
Amelipa nusu. Nusu akishusha meli ya ngano.

Hicho ndicho kilikuwa kiwanda, barabara ya kumi na nne, Ngamiani:
kibanda cha mabati, mashine moja ya kuchomelea
iliyozima taa za majirani kila ilipokohoa,
na Mhina Shekalaghe, fundi wa mageti
aliyechoka na mageti.
"Watu wanajifungia tu," alisema.
"Nataka kitu cha kuwafungua vifua."

Kingwaba akanyanyua. Wakaja wenzake wa bandarini,
kisha vijana wa Makorora, kisha mwalimu mmoja
aliyetaka seti ya wasichana. Tukamcheka,
kisha tukaitengeneza.
Makopo matupu yakaisha mjini.
Tukanunua yenye rangi, tukapaka kuta za majirani bure
ili tupate kopo.
Nyumba tatu za mtaa ule ni za kijani mpaka leo.

Namba alichora Mhina mwenyewe, kwa brashi,
kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: 10. 15. 20.
Nani alipima? Macho yalipima.
Kopo likijaa, ishirini. Basi.

Mwaka wa tatu Mbwana Kidege akaenda Dodoma kushindana.
Hapa alinyanyua mia moja kama anayevua shati.
Kule, mia moja ilimkalia kifuani
hadi watu wawili wakaja kumwondolea.
Akarudi kwa basi la usiku. Hakutukana mtu.
Alibeba kopo lake la ishirini mpaka buchani,
akaliweka kwenye mizani, kati ya maini na utumbo,
akasubiri mshale utulie.
Kumi na nane na nusu.
Akaliacha palepale, akaenda kulala.

Mwenye bucha ndiye aliyetuita.

Nimesoma mashairi. Najua mtunzi akipungukiwa na mizani
huvuta irabu, hupachika "lo" moja, mambo yakapita.
Chuma hakina irabu ya kuvuta.

Asubuhi Mhina akakodi mkokoteni.
Nyumba kwa nyumba, Mikanjuni hadi Chumbageni,
mimi na daftari, yeye na aibu yake:
"Nirudishieni uongo wangu."
Mmoja aligoma. Alikwisha kuizoea sifa ya namba ile.
Akajifungia ndani,
kwa geti tulilomtengenezea sisi.
Tuliponda makopo mia na sita kwa nyundo,
deni likawa refu kuliko daftari.

Kukua kulianza hapo, ingawa hakukufanana na kukua.
Mizani tulinunua kabla ya tanuri.
Kisha tanuri: magurudumu ya mashine za mkonge zilizochoka
yakayeyuka, yakamiminwa kwenye kalibu za mchanga.
Sahani iliyozidi ilikerezwa. Iliyopungua ilirudi motoni.
Korogwe wakaagiza, kisha Unguja,
kisha hospitali, ambako bibi mmoja aliyepooza mkono
alipewa kilo moja, akauliza, "Moja kweli?"
Tukaipima mbele yake.

Sasa tuko Pongwe, watu arobaini na mmoja,
jirani na saruji tuliyoachana nayo.
Mbwana ndiye mpimaji mkuu. Hacheki kazini.
Daftari limekuwa kompyuta, nami nasahau neno la siri.

Kopo moja hatukulivunja. Linazuia geti lisijifunge.
Anayekuja kuomba kazi huambiwa alisogeze,
kisha huulizwa lina uzito gani.
Namba bado inasomeka, nyeupe.
Wengi husema ishirini.
Tunawashukuru, tunawapa soda, wanakwenda.

Mwezi jana alikuja binti wa Muheza, Mwanakheri.
Akaliinua, akalitua,
akaliinua tena kwa mkono wa kushoto.
"Hii namba," akasema, "nani aliiandika?"
Mhina, kwenye kiti chake cha plastiki,
akanyoosha kidole juu
kama mtoto darasani.