Mashine Nane

Barua ilikuja Jumanne, sentensi nne,
karatasi nzito, ya bei:
kiwanda kinahamia mahali
ambako mkono wa mtu ni rahisi zaidi.
Eluned akaisoma kwa sauti kantini,
akafika kwenye "tunawashukuru", akaikunja,
akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.
Meza ikatulia.

Miaka thelathini na moja nimefuma soksi
katika bonde hili la Wales na mvua yake.
Za wanajeshi, za watoto wa shule, za maiti pia;
wafu wetu hatuwaziki miguu mitupu.

Siku ya mnada, mashine nane kuukuu
hazikutakiwa na mtu ila muuza chuma chakavu
na sisi:
wanawake kumi na tisa, na Emrys wa boila,
na pesa za mazishi, za meno ya bandia,
za safari ya Krete ambayo Nerys hataiona tena.
Nyundo ikagonga. Zetu.

Benki ilishafunga tawi, mle sasa wanauza kahawa.
Hazina yetu ni kopo la biskuti
na mhasibu ni mimi.
Tulifunzwa haba na haba;
hatukuambiwa kibaba kina tundu.
Umeme umepanda, sufu imepanda,
sarafu ikiyumba huko ng'ambo
sisi ndio tunaomwagika.

Mwezi wa sita hatukulipana mshahara.
Tulilipana viazi.
Nerys akaenda ghala la kando ya barabara kuu,
anafunga maboksi usiku,
na ndani ya maboksi, anasema, mna soksi.
Simlaumu. Ana watoto wawili,
na tumbo halisomi katiba ya ushirika.

Kisha duka moja la Osaka likaagiza jozi mia nne,
likauliza nani hushona vidoleni kwa mkono.
Tukaandika majina. Emrys naye akataka lake,
ingawa yeye huchemsha maji tu.

Usiku, kopo likiwa magotini,
humfikiria yule aliyepewa kiti changu.
Barua yake nayo i njiani, nadhani.
Dada, ikifika, wahi mnadani.
Na ile mashine ya kijani waliyoipakia melini
asubuhi za baridi hukataa kuamka:
ipige kiganja ubavuni, kushoto,
si kwa nguvu.