Nipime Nimesimama

Miaka kumi na tisa nimeshona Kibuye,
kibanda cha tatu kutoka kwa wauza mabati,
utepe shingoni kama rozari.
Nakijua kiuno cha mke wa pasta
na cha karani anayejipunguzia inchi mbili kila Desemba.
Sijawahi kumwambia mteja: mwili wako umekosea.
Mkasi ndio hukosea.

Hospitalini waliniambia mimi ndimi niliyekosea.

Kizazi kilishuka baada ya Odeyo, wa tano,
kilo nne na nusu, mtoto asiye na haraka.
Nikapewa pete. "Ziko saizi tatu, mama."
Ndogo ilianguka chooni, Kondele.
Kubwa ilinichoma kama mwiba wa mbuta kooni.
Ya wastani niliificha kwenye mkebe wa vifungo,
nikarudia leso: niliikunja mara nne,
nikaikalia, nikashona.
Miaka sita.
Mume wangu akidhani ni maombi ya usiku.

Sasa kuna huyu binti, Daktari Khavere,
ana mtambo wa ukubwa wa kabati la vyombo
unaovuta uzi wa plastiki kutoka kwenye kigurudumu,
unauyeyusha, unaupanga tabaka juu ya tabaka,
polepole, kama buibui aliyesomea kazi.
"Tutakuchapia yako," anasema. "Yako peke yako."
Kuchapa! Nilikokulia, kinachochapa ni kiboko.
Nikamwuliza: uzi huo umetokana na nini?
Ukichemshwa unanuka?
Na mbona mimi? Mnanijaribia,
kama pasi ya moto kwenye kona ya kitambaa?
Hakucheka. Alisema, "Kiasi, ndiyo."
Nilimpenda kwa neno hilo moja: kiasi.

Mkubwa wake, Daktari Ogwel, yuko mlangoni,
mikono mfukoni.
"Miaka thelathini naweka pete zilezile.
Hakuna aliyelalamika."
Angelalamika nani? Tungesimama wapi,
kwa neno gani? Kijaluo kinalo hilo neno,
ila halivuki mlango uliosimamiwa na mwanamume.
Si mtu mbaya. Alimwuliza binti bei,
umeme ukipotea je,
na ikivunjikia ndani nani atajibu.
Maswali ambayo ningemwuliza yeyote
anayeniletea cherehani mpya.

Wakanilaza. Jeli baridi tumboni,
na mimi nikawa ramani ya kijivu kwenye kioo.
Khavere akaandika tarakimu. Nilizisoma juu chini,
mazoea ya fundi, kisha nikaketi.

"Daktari, gauni hili unamkatia nani?"
"Wewe, mama."
"Uliyempima amelala.
Kitandani kizazi changu hakina shida na mtu.
Kinashuka nikikanyaga cherehani.
Kinashuka na lita ishirini za maji, Manyatta,
bomba likiwa ng'ambo ya mtaro.
Kinashuka nikikohoa. Kinashuka nikicheka,
nami si mtu wa kucheka kidogo.
Nipime nimesimama. Nipime nimebeba."

Feni ikazunguka.
Ogwel akatoa mikono mfukoni.
Muuguzi akaenda kutafuta ndoo.

Akaja na ya kudekia, ya bluu, maji nusu.
"Jaza," nikasema.

Leo ni siku ya kumi na moja. Iko ndani.
Jana nilishona sare nne za shule bila leso,
nikainuka, nikaenda dukani kununua bobini,
nikarudi, ndipo nikakumbuka
kwamba nilikuwa nimesahau.
Lakini kushoto bado inakwaruza,
na Ogwel amesema tusishangilie kabla ya miezi sita.
Sishangilii. Jumatatu nitaitoa, nitaiosha,
nitawapelekea kwenye karatasi safi,
na pale pa kupunguza
nitakuwa nimepatia alama ya chaki.