Mkilua wa Mkomani, Lamu

Mkilua ni mmoja
nilopanda na kungoja,
hata ua lake moja
sikuliona uani.

Majani yakawa njano
kama mtu wa sonono;
nikachimba kwa mkono
kujua ni jambo gani.

Kumbe ukuta wa kale
hudondosha chembe tele
za chokaa, ziingile
mizizini, udongoni.

Na maji nikiyateka
yana chumvi ya hakika.
Ruweida akacheka
kunikuta kisimani:

“Mti huu si mnazi!
Huu una ubaguzi,
wataka maji ya kuzi,
ya masika, ya darini.

Uutoe, tafadhali,
weka debeni, mahali
pasipo na jua kali,
mboji ya mwarobaini.”

Nikaenda kuokota,
watoto wakanifata,
samadi nikaipata
ya punda, vichochoroni.

Mwezi, miwili, mitatu,
sikuona hata kitu.
Nikauambia, “Katu
sikutupi, niamini.”

Juzi, kabla ya adhana,
nikinyunyiza, naona
kitumba kimejibana
kwapani mwa tawi, ndani.

Sikukichuma. Harufu
yake bado ni dhaifu,
nami nilivyo na hofu
sijamwambia jirani.